Kisiwa Tulichokipanga Sebuleni

Mwaka jana wazazi wangu walikaa siku sita kisiwani bila kutoka sebuleni kwangu.

Najua inavyosikika. Tulieni nieleze.

Kulikuwa na kitanda, bafu, kabati, mlango wa kutokea barazani, na bahari. Karibu vyote vilikuwa vya utepe wa njano, nimeubandika sakafuni kwa mikono yangu mwenyewe. Bahari ilikuwa upande wa friji.

Siku ya pili jirani yangu wa ghorofa ya chini alikuja kuazima pasi. Akakatiza katikati ya sebule kama alivyozoea. Mama, aliyekuwa ameketi kitandani, yaani kwenye godoro, akamwambia kwa upole kwamba hapo anapopita ni bafuni na Mzee yumo ndani.

Jirani akaangalia chini, akaona utepe. Akainua macho, akamwona Baba amesimama mbele ya ndoo akijifanya ananawa. Akaomba samahani, akatoka kinyumenyume. Pasi hakuja kuiulizia tena.

Nianze na kazi yangu, maana bila hiyo mtadhani familia nzima tulichanganyikiwa.

Mimi ni mkufunzi wa usalama wa moto. Nazunguka kwenye majengo marefu ya maofisi. Nikionekana tu mapokezini watu wananuna, kwa sababu wanajua kengele italia na watashuka ngazi za ghorofa kumi na moja na vikombe vyao vya chai. Wananiita Mama Kengele. Sijawahi kukasirika, ni jina la haki.

Zoezi langu kubwa ni la moshi. Moshi ukishajaa chumbani, macho hayana kazi. Kwa hiyo nawafunga watu kitambaa usoni, nawaambia watafute mlango. Unakuta mtu kafanya kazi kwenye chumba hicho miaka tisa, anaishia kufungua kabati la mafaili na kuingiza kichwa.

Kwa hiyo nawafundisha kukijua chumba kwa mkono na kwa hatua. Kutoka kitini mpaka mlangoni ni hatua ngapi, kitasa kiko urefu gani, mlango unafunguka kuja kwako au kwenda nje. Nimefanya hivyo miaka kumi na minne, na kwenye mambo hayo najihesabu kuwa mtaalamu.

Shikeni hilo neno mtaalamu, tutaona limenifikisha wapi.

Sasa Mama.

Mama alifanya usafi miaka ishirini na sita kwenye ofisi moja ya mambo ya safari. Ukutani kwa meneja kulikuwa na picha kubwa ya kisiwa. Si vile visiwa vya jua la kuchoma mwaka mzima. Hiki kimesogea kidogo kutoka kwenye joto, kina msimu wake wa baridi, kina michungwa inayoteremka mlimani mpaka karibu na maji, na nyumba nyeupe zimepangana kwenye mteremko.

Kisiwa hicho Mama alikifuta vumbi kila asubuhi, kabla meneja hajafika. Alikijua nyumba kwa nyumba. Nikiwa mdogo alikuwa ananisimulia kwamba ile ya tatu kutoka juu ina dirisha la kijani, na kwamba mbele ya ile ya mwisho kuna mtu ameanika shuka na hajawahi kuianua.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Alikuwa amejipanga kuomba ile picha, ila aliona haya.

Nilipoanza kujiweza kidogo nikamwambia, Mama, twende. Akafurahi mpaka akanunua kofia. Lakini mwaka huohuo macho ya Baba yakaanza.

Baba alikuwa mtunza stoo ya vipuri vya magari. Ni mtu wa kushika boliti mfukoni akakutajia ni ya gari gani na inakaa rafu ya ngapi. Na nyumbani kwake ni stoo vilevile. Chumvi ina mahali pake, kandambili zina mahali pake, na ukisogeza kiti upana wa kiganja utaulizwa umepata ruhusa kwa nani. Tumekua hivyo, wala hatuoni ajabu.

Daktari alisema ni presha ya macho. Inaanza kula pembeni, inaelekea katikati taratibu, na kilicholiwa hakirudi. Baba akatuambia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akaacha gazeti, akahamia kwenye redio. Kila baada ya miezi minne nilikuwa nampeleka kliniki, na kila mara aliingia kwa daktari peke yake. Nikitaka kumfuata ananiuliza kama na mimi naumwa.

Hapo Mama akaifuta safari. Nilimbembeleza sana, nikamwambia basi twende sisi wawili. Akanijibu mara moja tu, na hakurudia tena.

"Nikaone peke yangu, halafu nirudi nimsimulie mwenzangu? Hapana, mwanangu. Mimi hamu imeniisha."

Kofia akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaipandisha juu ya kabati. Ikapita miaka mitatu hakuna aliyetaja kisiwa.

Sasa Jumapili moja tunakula mchana, Baba akaweka kijiko chini.

"Daktari anasema bado nina kama mwaka mmoja," akasema. "Nataka nikakione kile kisiwa kabla macho hayajafunga."

Mama aliinuka, akaenda chumbani, na tukasikia sanduku la safari linaburutwa kutoka juu ya kabati.

Jamani, mimi nikiona jambo lina tarehe ya mwisho siwezi kutulia. Baba ana mwaka mmoja wa kuona. Ikifika siku hiyo hajaiona bahari ya Mama, basi wote wawili wameikosa. Nikaichukua hiyo safari kama ninavyochukua jengo la ghorofa ishirini.

Nilianza na mwezi. Msimu wa joto kisiwani kuna dhoruba zinazong'oa mabati. Msimu wa baridi maji hayagusiki na nusu ya nyumba za wageni zinafungwa. Katikati kuna wiki kama sita ambapo hewa ni laini na bahari imetulia. Nikachagua wiki ya tatu, nikaipigia mstari mwekundu.

Kisha nikatafuta pa kulala. Hoteli kubwa nilizoziandikia nikiomba vipimo vya chumba zilinijibu kwa kunitumia picha za mito ya kitandani. Moja ilinitumia picha ya taulo limekunjwa umbo la bata.

Nikampata mama mmoja mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinne. Huyo alijibu kwa sauti yake. Nikamuuliza kitanda kiko umbali gani na mlango wa bafu, mlango huo unafunguka upande gani, kizingiti kina kimo gani, na kutoka kabatini mpaka barazani ni hatua ngapi za mtu mfupi.

"Dada," akasema, "unakuja kupumzika au unataka kununua nyumba?"

Nikamweleza habari za Baba. Baada ya saa moja akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Alikuwa amechukua futi ya fundi cherehani na kupima kila kitu, mpaka ubao wa tatu wa barazani unaolia ukiukanyaga. Halafu mwishoni akakizunguka chumba chote amefumba macho, simu mkononi, ili ajue kina hatari gani. Nilimsikia akijigonga mara mbili na kumlaani fundi aliyemtengenezea kabati.

Hapohapo nikaweka nafasi.

Mtauliza kulikuwa na haja gani ya utepe. Baba akiwa mahali pageni anajigonga. Akijigonga anakasirika. Akikasirika anataka kurudi nyumbani, na hakuna aliyewahi kumshinda. Na kushikwa mkono hataki. Ukimshika anakuuliza unampeleka polisi au vipi.

Kwa hiyo nikachukua vipimo vya yule mama, nikasogeza makochi yangu yote ukutani, nikabandika chumba kizima sakafuni. Godoro likawa kitanda. Stendi ya kutundikia nguo ikawa kabati. Kipande cha ubao kikawa kizingiti. Meza ya kupigia pasi ikawa ukingo wa baraza, na nyuma yake friji, yaani bahari. Wazazi wakahamia kwangu siku sita kufanya mazoezi ya likizo.

Siku ya kwanza Baba aliangusha kabati mara nne.

Siku ya pili mara mbili. Ya tatu alijikwaa kizingiti tu, na akasema kizingiti ndicho chenye makosa. Mama alikuwa amekaa kwenye godoro na kofia yake kichwani, anamwambia kulia kidogo Mzee, na Baba anamjibu kwamba anapaona.

Siku ya nne nikaleta kitambaa cha kazini.

Nikamweleza Baba kwamba kama macho yatasumbua ghafla akiwa kule, ni vizuri awe ameshakizoea chumba gizani. Hakubisha, nikashangaa. Kwanza nikampima bila kitambaa: kutoka kitandani, aende bafuni, arudi, atoke mpaka kwenye ukingo wa baraza. Sekunde arobaini na moja.

Halafu nikamfunga macho. Sekunde arobaini na moja.

Niwaeleze jambo. Nimewafunga macho watu zaidi ya elfu mbili. Wote, kuanzia mkurugenzi mpaka mlinzi, kitambaa kikikaa tu usoni wanabadilika. Mikono inainuka mbele. Hatua zinakuwa fupi. Shingo inaingia mabegani. Sijawahi kuona mtu ambaye hakubadilika.

Baba hakubadilika hata chembe.

Mtaalamu mimi nikahitimisha kwamba baba yangu ana kipaji.

Nikamrekodi video. Nikaenda nayo kazini, nikawa nawaonyesha watu kwenye mafunzo, nawaambia wamwangalie mzee wa miaka sabini na moja alivyo mtulivu, wao vijana wanapiga kelele. Mhasibu mmoja akainua mkono akauliza mbona mzee anatembea sawasawa mara zote mbili. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ndiyo faida ya mazoezi. Watu wakaandika.

Siku ya sita Baba alikuwa anateleza ndani ya utepe kama yuko kwake. Tukafunga mizigo.

Uwanja wa ndege alishika mkanda wa begi langu njia nzima, akasema ananipunguzia uzito. Nikaona mzee amekuwa na huruma. Ndani ya ndege kiti chake kilikuwa cha dirishani. Akakikataa, akamsukumia Mama, akasema yeye ataiona bahari akifika, hataki kuionja kwa mbali. Mama akaninong'oneza kwamba Mzee siku hizi amekuwa mpole.

Tulifika jioni, giza linaingia. Mama alikataa kabisa kuangalia nje. Ile picha alikuwa anaifuta asubuhi, kwa hiyo alitaka kisiwa akione asubuhi. Kwenye gari alijifunika kofia usoni, na chumbani akavuta mapazia yeye mwenyewe kabla hajavua viatu.

Baba aliingia chumba kile kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akapita kizingiti bila kukigusa, akaweka begi kitini, akatundika koti kabatini, akaenda bafuni, akanawa, akarudi akakaa kitandani. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na mkono mdomoni. Aliniambia baadaye kwamba yeye ameishi humo miaka kumi na tisa na kabati lile bado linampiga goti.

Nililala chumba cha pili nikiwa najipongeza sana.

Asubuhi nikaamka mapema, nikafungua pazia langu.

Nje hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya kisiwa kizima, mzito kama maziwa. Kuna mchungwa hatua nne kutoka dirishani, niliuona jioni tukiingia. Sasa haukuwepo.

Moyo ukaniuma kwa ajili ya Mama. Nikavaa kandambili haraka niende kuwaambia wasubiri kwanza, ukungu wa bahari huwa hauna maisha marefu. Nilipoingia chumbani kwao nikakuta mlango wa baraza umeshafunguliwa.

Baba alikuwa mbele. Mama alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, ameshika fremu, anatazama ule weupe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua zawadi akakuta boksi tupu. Akafungua mdomo aseme neno.

Baba akamwahi. Aliweka mikono miwili kwenye ukingo, akavuta pumzi ndefu, akatazama moja kwa moja kwenye ukungu.

"Njoo uone, mwenzangu," akasema. "Bluu tupu. Bluu mpaka kule mwisho."

Mimi na Mama hatukusogea.

Alikuwa anatabasamu. Matone madogo ya ukungu yalikuwa yamemkaa kwenye nyusi.

Ndipo akili ikanijia yote kwa mpigo. Sekunde arobaini na moja na nyingine arobaini na moja. Begi langu uwanja wa ndege. Kiti cha dirishani. Ule mpangilio wa nyumbani ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Hakuwa na mwaka mmoja wa kuona. Hakuwa na hata siku moja. Nilikuwa nimemfunga kitambaa mtu asiyeona, nikampima kwa saa, nikampongeza.

Nikamwangalia Mama. Naye alikuwa ameelewa, niliona.

Niwaambie ukweli, niliogopa. Namjua Mama. Angesema tu, "Mzee, huu ni ukungu," safari ingeishia palepale. Asingekubali kuangalia hata mti mmoja wa kisiwa kile. Angekaa kitandani ameshika mkono wa Baba mpaka siku ya ndege, na Baba angejua ameshindwa.

Mama alimwangalia mgongoni muda mrefu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, amelivaa rasmi kwa ajili ya kuiona bahari. Alilipiga pasi Mama mwenyewe jana yake.

Kisha akatoka. Akaenda akasimama pembeni yake, akaweka mikono kwenye ukingo kama yeye.

"Naiona, Mzee," akasema. "Ni nzuri kuliko ya kwenye picha. Na ile meli umeiona?"

"Ipi?"

"Hiyo nyeupe. Kushoto kwako."

Baba akageuza kichwa kushoto, akakaa kidogo.

"Aa, hiyo," akasema. "Nimeiona kitambo."

Nilitoka humo nikaenda jikoni kwa mwenye nyumba, nikamwomba maji. Nilikuwa nalia na sitaki kuulizwa. Baada ya muda Mama akaja, akafunga mlango nyuma yake.

"Ulijua?"

Nikamwambia sikujua.

"Wewe, na kazi yako hiyo?"

Akakaa kwenye stuli, akalia kidogo, si sana, akajifuta kwa upande wa kanga. Nikamuuliza tumwambie kwamba tumejua, ili mzee wa watu apumzike na mzigo huo. Nilidhani nasema jambo la maana.

"Usimguse," akasema. "Angeniambia ukweli nisingekuja, na yeye anajua hivyo. Amenileta. Sasa mwache anilete."

Akanawa uso kwenye sinki la watu, akatoka.

Ukungu uliondoka kabla ya saa tano. Bahari ilikuwa ya kijani. Meli hapakuwa na hata moja, siku ile wala siku zilizofuata. Bandari iko upande wa pili wa kisiwa.

Siku nne zilizobaki Mama aligeuka mmbea. Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwa na habari na mambo ya watu. Sasa tukikaa popote haachi kusema. Mzee, hebu mwangalie yule na kaptula ya njano, mtu mzima huyo. Mzee, unamwona mbwa anavyomvuta mwenye mbwa? Ona hizo nyumba zilivyoshuka mlimani, ya tatu ile wamebadilisha rangi ya dirisha, si kijani tena. Na Baba anaitikia, anacheka pale pale panapotakiwa, mara nyingine anabisha. Alimbishia rangi ya kaptula nusu saa nzima.

Nilikuwa natembea nyuma yao na chupa ya maji. Nilikuwa nimepanga safari hiyo kwa miezi mitano, na sasa sikuwa na kazi yoyote.

Siku ya mwisho Mama alikwenda na mwenye nyumba kuchuma machungwa. Nikabaki na Baba kwenye benchi, maji yako chini yetu. Alikuwa anasikiliza mawimbi.

"Umejua," akasema.

Nikamuuliza nimejua nini.

"Acha, mwanangu. Nimekuzaa mimi. Tangu asubuhi ile unatembea kwa kunyata kama uko wodini."

Nikamuuliza tangu lini. Akaniambia tangu mwaka juzi. Kwanza katikati pakabaki kama tundu la sindano, halafu siku moja akaamka hakuna hata taa. Daktari alimwambia hana cha kumfanyia, na yeye akamwomba asimwambie binti yake anayekaa hapo nje.

Nilikasirika, siwafichi. Miaka miwili namshusha mbele ya kliniki naenda kutafuta maegesho, anavuka ua ule peke yake. Nikamwambia angegongwa. Akasema hajagongwa.

"Kwa nini hukutuambia, Baba?"

"Mama yako angejua nimeshafungwa, asingefunga hata mkoba wa mkononi. Ningekuwa ukuta wake. Mtu amefuta vumbi la mahali miaka ishirini na sita, halafu asipaone kwa sababu yangu?" Akapangusa magoti yake, ingawa hayakuwa na kitu. "Nikaona niseme bado naona kidogo, ila muda unakwisha. Kwa hilo angekuja mbio."

Akanitafuta mkono, akaushika yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu macho yaanze.

"Mama yako asijue. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Kwa hiyo hapo nikawa na siri mbili, kila mzazi na yake, na zote ni siri moja.

Tukasikia sauti ya Mama inakuja kwa mbali, anacheka na mwenye nyumba. Baba akainamisha kichwa karibu na changu, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Asubuhi ile ya kwanza, nilipatia?"

"Ulipatia, Baba. Ilikuwa bluu tupu."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akafikiri kidogo.

"Na ile meli nyeupe aliyoniambia. Ilikuwa kubwa?"

Nikaitazama bahari yote, kutoka kushoto mpaka kulia.

"Kubwa sana, Baba. Sijawahi kuona meli kubwa vile."

Naandika hapa kwa sababu Mama simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, na Baba sababu yake mnaijua. Mkikutana nao kaeni kimya kama ninavyokaa mimi.

Nilichojifunza ni kidogo. Mzazi akikwambia kuna mahali anataka kupaona, mpangie, lakini usijione kwamba wewe ndiye unayempeleka. Angalia vizuri, huenda kuna mtu yeye anampeleka, na ninyi wengine mnabeba mizigo tu.